Mwongozo Uliomo Ndani ya Mashine: Kurasa za Msaada za Linux na Nafasi ya Kiswahili

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano za EASSy na SEACOM, zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi katika ukanda wa Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Sababu za matukio haya mawili ni tofauti kabisa, na mjadala wake una mahali pake. Kwa mwalimu, mfasiri na mwanafunzi, hata hivyo, yote mawili yalifunua jambo la kilugha ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Maarifa ya kompyuta ambayo Mtanzania huyategemea kila siku yako ng'ambo ya waya. Waya ukikatika, hubaki na mashine ambayo hajui namna ya kuiuliza swali.

Chukua Buswelu, makao makuu ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza. Ni mahali penye ofisi za umma, shule, na steshenari zinazochapa barua za maombi ya kazi na kutoa nakala za vyeti. Mwanafunzi wa hapo anayesomea kompyuta katika mojawapo ya vyuo vya Mwanza huenda ana kompyuta ya mtumba, na kwa kuwa mashine kongwe haiwezi kubeba mfumo mzito, amewekewa Linux. Anapokwama hufanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: huchukua simu, hununua kifurushi cha intaneti, kisha hutafuta jibu. Siku ambayo mtandao haupo, au siku ambayo hana pesa ya kifurushi (na siku hizi za pili ni nyingi kuliko za kwanza), hudhani kwamba amefika mwisho wa njia.

Ukweli ni kwamba mashine yake imebeba maktaba nzima. Mifumo endeshi ya jamii ya Unix, na Linux ikiwa mmojawapo, ilijengwa na watu waliotarajia mtumiaji aulize swali palepale anapofanyia kazi. Akiandika jina la amri na kulifuatisha na --help, programu nyingi humpa muhtasari wa matumizi yake. Akiandika help peke yake ndani ya bash, huorodheshewa amri zilizojengwa ndani ya programu hiyo. Akiandika whatis na jina la amri, hupewa maelezo ya mstari mmoja. Akiandika man na jina la amri, hufunguliwa ukurasa kamili wa mwongozo, anaoweza kuupekua kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, kutafuta neno ndani yake kwa mkwaju, na kuufunga kwa herufi q. Amri info hufungua vitabu virefu zaidi vya mradi wa GNU, na ndani ya saraka ya /usr/share/doc mna maelezo ya programu moja moja. Kwa kawaida sehemu kubwa ya hayo imekwisha kuwekwa kwenye diski tangu siku mfumo ulipopandishwa, na haihitaji hata senti moja ya kifurushi.

Tatizo ni kwamba maktaba hiyo yote humwongelesha kwa Kiingereza.

Historia ya kurasa hizi inastahili kuguswa kidogo, kwa kuwa ina sadfa ambayo mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kuipita hivihivi. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, lililoandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani, lina tarehe ya 3 Novemba 1971. Mwezi Februari wa mwaka huohuo, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo wake, waraka wa kisiasa uliofanya neno hilo liwe la kila siku katika vinywa vya Watanzania. Ni nyaraka mbili zisizo na uhusiano wowote, ila zimekutana katika neno moja, maana man ni kifupi cha neno la Kiingereza ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa wepesi kuwa mwongozo. Neno limeendelea kufanya kazi tangu hapo. Mwanafunzi wa sekondari hununua miongozo ya tamthilia na riwaya kabla ya mtihani. Mbunge husimama Dodoma kuomba mwongozo wa Spika, na kila anayefuatilia Bunge anajua kwamba mwongozo si sawa na taarifa wala si sawa na kuhusu utaratibu. Anayeomba mwongozo anataka kujua jambo lifanywe vipi kwa mujibu wa kanuni zilizokwisha kuandikwa. Hiyo hasa ndiyo kazi ya ukurasa wa man. Kwa hiyo hapa Kiswahili hakina upungufu wa istilahi. Kina istilahi bora kuliko nyingi zinazobuniwa mezani.

Maneno mengine ya uwanja huu hayajatulia hivyo. Kwa kile kinachopatikana kwenye menyu ya programu nyingi, watafsiri wamegawanyika kati ya msaada na usaidizi. Katika matumizi ya kawaida msaada ni kitu kinachotolewa: chakula cha msaada, msaada wa wafadhili, msaada wa kisheria. Usaidizi ni tendo au hali ya kusaidia, na lina harufu ya kiofisi. Wapo wanaolikwepa neno msaada kwa kuhofia kwamba linamfanya mtumiaji aonekane mwombaji. Hofu hiyo ni ndogo mno kuwa sababu ya kuacha neno ambalo kila mtu analielewa. Mtu anayezama ziwani haiti usaidizi. Penye kitufe cha kubonyeza wakati wa shida, msaada linatosha. Penye idara au huduma inayoendelea, usaidizi lina nafasi yake.

Neno linaloleta matatizo makubwa zaidi ni nyaraka, linalotumiwa mara nyingi kwa maana ya maandishi yote yanayoeleza programu. Nyaraka ni wingi wa waraka, na waraka katika Tanzania ni barua rasmi yenye mamlaka: waraka wa elimu, waraka wa utumishi, waraka wa maaskofu. Mwanafunzi akiambiwa asome nyaraka za programu, atatafuta mikataba na leseni. Maelezo ya matumizi, au maelezo tu, ni chaguo jepesi na halimpotoshi mtu.

Kwa wasomaji waliozoea kamusi, ukurasa wa man haupaswi kuwa kitu kigeni. Umejengwa kama kidahizo. Huanza na jina na maelezo ya mstari mmoja, kama vile kamusi inavyoanza na neno na fasili yake fupi. Hufuata muhtasari wa namna ya kuiandika amri, kisha maelezo, kisha chaguo zake, mara nyingine mifano, na mwishoni huja orodha ya kurasa nyingine zinazohusiana, ambayo ni taz. ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu chini ya jina jingine. Hata tatizo la homonimu limetatuliwa kwa mbinu ileile. Kamusi huyatenga maneno yanayofanana umbo kwa kuyapa tarakimu, hivyo paa la nyumba, paa wa porini na paa la ndege kuruka hayachanganywi. Mwongozo wa Unix nao umegawanywa katika sehemu zenye namba: ya 1 ni ya amri za watumiaji, ya 5 ni ya miundo ya mafaili, ya 8 ni ya usimamizi wa mfumo, na kadhalika. Ndiyo maana man passwd humpeleka mtu kwenye amri ya kubadili nenosiri, ilhali man 5 passwd humpeleka kwenye maelezo ya faili linalohifadhi orodha ya watumiaji. Mwalimu anayefundisha jambo hili kwa kutumia kamusi iliyoko mezani atalimaliza kwa dakika tano.

Kuna mtego mmoja tu katika ulinganisho huu. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu mabano ya mraba yana kazi ya kuonyesha upatanisho wa ngeli. Katika muhtasari wa amri, mabano hayohayo humaanisha kwamba kilichomo ndani yake si cha lazima, na nukta tatu humaanisha kwamba kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Msomaji makini wa kamusi, kwa kuwa ana mazoea yake, anaweza kuwa wa kwanza kupotea.

Penye uzito halisi wa suala hili, hata hivyo, si katika kusoma ukurasa. Mwanafunzi wa chuo aliyepita sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, anaweza kujikongoja na kamusi pembeni na kuelewa nusu ya kilichoandikwa. Uzito uko katika kuupata ukurasa wenyewe. Amri man inamtaka mtu ajue jina la amri anayoitafuta. Asiyelijua hutumia apropos, ambayo hupekua majina na maelezo ya mstari mmoja ya kurasa zote na kurudisha zile zinazolingana na neno aliloliandika. Ni chombo cha ajabu, na ni hapo hasa ambapo asiyejua Kiingereza hufungiwa mlango. Ukurasa wa cp una maelezo yanayosema kwamba amri hiyo hunakili mafaili na saraka, lakini yanasema hivyo kwa Kiingereza. Mtu akiandika apropos nakili, hujibiwa kwamba hakuna kinachofaa, na jibu lenyewe pia huja kwa Kiingereza. Hajashindwa kuelewa jibu tu. Ameambiwa, kwa lugha ngeni, kwamba swali lake halina jibu, wakati jibu liko umbali wa herufi mbili kwenye diski yake.

Watumiaji wa kamusi za Kiswahili wanalijua tatizo la aina hii kwa sura nyingine. Anayekutana na neno hawajatusimulia hawezi kulitafuta chini ya herufi H. Ni lazima avue viambishi mpaka abaki na simulia. Mtu aliyekulia Buswelu, ambako nyumba nyingi huongea Kisukuma, hujifunza uvuaji huo shuleni, na huufanya kwa haraka bila kujitambua. Kompyuta haivui chochote. Kwa kawaida apropos hulinganisha mfuatano wa herufi: ikiwa maelezo yana neno hunakili na mtumiaji akaandika nakili, atapata, kwa kuwa nakili imo ndani ya hunakili. Akiandika kunakili, hatapata kitu. Akiandika waraka wakati mtafsiri ameandika nyaraka, hatapata kitu pia.

Kutokana na hilo inafuata kanuni ndogo ya kutafsiri ambayo ingefaa kuzingatiwa na yeyote atakayeanza kazi hii. Kamusi zetu huorodhesha vitenzi bila ku-, na mtafsiri aliyelelewa na kamusi hizo atashawishika kuandika maelezo ya mstari mmoja kwa umbo la amri: nakili mafaili, orodhesha yaliyomo, futa saraka. Umbo hilo ni zuri machoni, lakini ni dhaifu katika utafutaji. Akiandika kunakili, kuorodhesha, kufuta, atakuwa amewahudumia wote wawili: anayetafuta nakili atapata kwa kuwa limo ndani ya kunakili, na anayetafuta kunakili atapata pia. Kwa nomino, pale ambapo umoja na wingi hutofautiana mwanzoni mwa neno, ni heri maelezo yawe na maumbo yote mawili hata kama mtindo utaumia kidogo. Haya ni mambo ambayo mfasiri wa riwaya hayafikirii kamwe, na mhandisi wa programu asiyejua Kiswahili hawezi kuyabaini.

Ngeli nazo hudai haki yake. Ujumbe mwingi wa kompyuta hutungwa ukiwa na pengo ambalo baadaye hujazwa jina la kitu. Kwa Kiingereza pengo likifuatwa na maneno ya kusema kwamba kitu hicho hakikupatikana, sentensi imekamilika. Kwa Kiswahili mtafsiri hawezi kuandika kitenzi kabla hajajua kilichomo kwenye pengo: halikupatikana, haikupatikana, hakikupatikana, hakupatikana? Njia inayotumika ni kutanguliza nomino inayojulikana ili ishike upatanisho, mathalani faili na kisha pengo, ndipo kitenzi kifuate. Lakini hata faili lenyewe halijaafikiwa. Wapo wanaosema faili limefutwa na wapo wanaosema faili imefutwa, na katika programu moja maumbo yote mawili yanaweza kukutwa katika madirisha mawili yanayofuatana. Mtafsiri anapaswa kuchagua moja na kulifuata hadi mwisho. Pale ambapo jina halihitajiki, sentensi isiyotegemea ngeli ya pengo ni salama zaidi: hakuna faili wala saraka yenye jina hilo.

Kisha kuna tafsiri za neno kwa neno, ambazo ndizo zimeharibu mengi. Kile ambacho amri hupewa ili ikifanyie kazi, kama jina la faili baada ya cp, huitwa kwa Kiingereza kwa neno lililotoka katika hisabati ambalo pia lina maana ya hoja. Wako waliolitafsiri kuwa hoja. Msomaji wa Kiswahili akielezwa kwamba cp inahitaji hoja mbili, atauliza hoja hizo anazitetea mbele ya nani. Kasoro za programu zimeitwa wadudu katika baadhi ya tafsiri, neno ambalo kwa mkazi wa pwani ya Ziwa Viktoria linaleta picha ya wale wanaojazana kwenye taa usiku. Kasoro au hitilafu yalikuwepo siku zote. Programu inayopokea amri na kuzitekeleza haiwezi hata kukopwa kwa kutoholewa, maana sheli kwa Mtanzania ni kituo cha mafuta, na mtu akiambiwa afungue sheli atafikiria biashara kubwa kuliko uwezo wake. Kitafsiri-amri hueleza kazi yake bila utani huo.

Mfano ulio hatari kuliko yote ni ule wa chaguo -r la amri rm. Kazi yake ni kuifanya amri iingie ndani ya saraka, na ndani ya kila saraka iliyomo humo, mpaka chini kabisa, ikifuta kila inachokikuta. Istilahi ya Kiingereza ina mzizi wa kurudi, na tafsiri ya haraka hutoa kujirudia. Mwanafunzi anayesoma kwamba -r huifanya amri ijirudie ataelewa kwamba faili litafutwa mara mbili, jambo ambalo halina madhara, na kwa hiyo hataogopa. Atakapobonyeza kitufe cha kuingiza, kazi zake zote za muhula zitakuwa zimekwenda, kwa kuwa rm haina kapu la taka. Maelezo marefu ya Kiswahili cha kawaida, yaani kufuta saraka pamoja na vyote vilivyomo ndani yake hadi chini kabisa, yanamlinda mtu kuliko istilahi moja iliyong'arishwa. Si kila dhana inahitaji neno moja. Nyingine zinahitaji sentensi.

Hatari hiyohiyo imeongezeka katika miaka hii ambapo programu za akili unde hutafsiri na kujibu maswali kwa Kiswahili chenye ufasaha wa nje. Mwanafunzi humwuliza roboti badala ya mwongozo, na roboti humjibu kwa lugha tamu. Utamu wa lugha si ushahidi wa usahihi, na anayejibiwa hana ukurasa wa Kiswahili wa kuulinganisha na jibu alilopewa. Programu hizo hujifunza kutokana na maandishi yaliyopo. Pale ambapo maandishi ya Kiswahili kuhusu jambo fulani ni machache, hukopa muundo wa Kiingereza na kuuvika maneno yetu, na ndipo hoja na wadudu hurudi kwa wingi.

Haya yote hayaanzi leo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa na menyu za Kiswahili. Miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office. Kazi hizo zilithibitisha kwamba inawezekana, na zilizalisha faharasa za istilahi ambazo bado zina thamani. Zilielekezwa, hata hivyo, kwenye menyu na vitufe, yaani kwenye sehemu inayoonekana. Maelezo marefu, ambamo mtu hujifunza kufikiri na mashine, hayakufikiwa kwa kiwango hicho. Menyu iliyotafsiriwa inamwambia mtumiaji abonyeze wapi. Haimwambii kwa nini.

Lingine la kujifunza limo katika neno kishikwambi. Lilipoanza kusikika, wengi walilicheka. Kisha vifaa hivyo vikatumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Leo hakuna mwalimu anayehitaji kuelezwa kishikwambi ni nini, na aghalabu hulitamka bila tabasamu. Neno halikushinda kwa sababu lilitangazwa katika orodha. Lilishinda kwa sababu lilifika likiwa limefungwa pamoja na kitu chenyewe, mkononi mwa mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya. (Vishikwambi vinavyotumia Android, kwa taarifa ya wanaopenda mambo madogo, vina kiini cha Linux ndani yake, ingawa mwalimu hatakutana nacho kamwe.) Istilahi za mstari wa amri zitashika kwa njia hiyohiyo, zikikutwa ndani ya mashine, si ndani ya kijitabu kilichozinduliwa hotelini.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kufundishia katika ngazi zote, jambo ambalo halikutekelezwa, na toleo lake la mwaka 2023 limeiacha sekondari kwenye Kiingereza. Mahakama zilipewa Kiswahili kwa sheria mwaka 2021. Sheria ilitangulia, na wafasiri wakalazimika kuifuata kwa haraka. Katika elimu ya teknolojia ni vigumu kuamini kwamba mpangilio utakuwa huo. Hapa maandishi yatalazimika kutangulia, kwa sababu hoja inayotolewa siku zote dhidi ya Kiswahili ni kwamba vitabu havipo.

Upande wa mashine, mahali pameshaandaliwa. Linux hutambua Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili cha Kenya kama mazingira mawili ya lugha yanayojitegemea. Kigeu LANG kikipewa thamani ya sw_TZ.UTF-8, mazingira hayo yakiwa yamepandishwa, amri date huandika siku na miezi kwa Kiswahili badala ya majina ya Kiingereza. Mtu anapoandika man, programu huangalia kwanza lugha yake, kisha hutafuta saraka ndogo yenye alama ya lugha hiyo: de kwa Wajerumani, fr kwa Wafaransa, pl kwa Wapoland, ja kwa Wajapani. Jamii hizo zina kurasa zao kwa sababu wajitolea wa lugha zao walikaa na kuzitafsiri. Lugha isiyo na ukurasa huo hupewa wa Kiingereza kimyakimya, bila mtumiaji kuambiwa kwamba kulikuwa na mahali pake ambapo hapakuwekwa kitu.

Kazi yenyewe si ya kutisha kama inavyodhaniwa. Kifurushi cha amri za msingi za GNU kina amri zaidi ya 100 kidogo, na kila moja ina maelezo yake ya mstari mmoja. Mistari hiyo ni kazi ya darasa moja la tafsiri kwa muhula mmoja, ikiwa mwalimu wa kompyuta atakubali kuketi pamoja na mwalimu wa Kiswahili ili mmoja achunge maana na mwingine achunge ngeli. Ukurasa hutungwa kama faili la maandishi ya kawaida lenye alama chache za mpangilio, huwekwa katika /usr/local/share/man/sw/man1, kisha amri mandb huendeshwa ili kuijenga upya faharasa. Baada ya hapo mwanafunzi wa Buswelu aliyeweka lugha yake kuwa Kiswahili ataandika apropos nakili, intaneti ikiwepo au isiwepo, na mstari wa cp utatokea.